Sera ya Faragha kwa Biashara ya Mtandaoni: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wanaokwama kwenye sera ya faragha karibu wote hukwama mahali pamoja: wanaanza kwa kuandika. Wananakili sera ya duka jingine, wanabadilisha jina la kampuni, wanaibandika chini ya tovuti na kuendelea na mauzo. Baadaye programu yao inakataliwa kwenye duka la programu, au mteja anauliza "mna taarifa zangu zipi?" na hakuna ofisini anayeweza kumjibu.

Sera ya faragha ni maelezo ya mambo yanayotendeka ndani ya biashara. Usipoyajua, huna cha kueleza, hata ukiajiri mwanasheria hodari. Ndiyo maana katika mwongozo huu kuandika kunakuja katika hatua ya 6.

## Vitu vya kuandaa

- Jedwali tupu kwenye Excel au Google Sheets.
- Akaunti za msimamizi za kila kitu unachotumia: tovuti, barua pepe, malipo, matangazo, takwimu za wageni. Ukikuta akaunti ambayo nenosiri lake analo mfanyakazi aliyeondoka, hilo ni tatizo la kwanza kutatua.
- Kompyuta yenye Chrome au Firefox. Simu haitoshi kwa hatua ya 2.
- Nakala ya sheria inayokuhusu.
- Mtu mmoja atakayewajibika, pamoja na anwani ya barua pepe ya kazi hiyo tu. Usitumie anwani yake binafsi, kwa sababu siku akiondoka maombi ya wateja yataondoka naye.

## Kwanza, sheria ipi inakubana?

Angalia mambo mawili: biashara yako imesajiliwa wapi, na wateja wako wako wapi. Wengi huangalia la kwanza tu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayojulikana kama GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inamfikia hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya iwapo anawauzia watu walioko huko au anafuatilia mienendo yao mtandaoni. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Afrika Kusini ina POPIA, Brazil ina LGPD, na jimbo la California lina yake tangu Januari 2020.

Usitishwe na wingi huo. Mifupa ya sheria hizi inafanana: mwambie mtu unachochukua na kwa nini, chukua kinachohitajika tu, kilinde, kifute muda ukiisha, na umjibu mhusika akiuliza. Ukijenga juu ya mifupa hiyo, tofauti za nchi moja na nyingine zinabaki kuwa marekebisho madogo.

Tofauti moja usiipuuze. Kenya na Tanzania zina utaratibu wa kujisajili kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa: kwa Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Chini ya GDPR hakuna usajili wa jumla wa namna hiyo. Sera nzuri haichukui nafasi ya usajili, kwa hiyo hakikisha mapema kama unahusika.

## Hatua ya 1: Andika kila taarifa unayoigusa

Fungua jedwali, weka safu sita: taarifa gani, inatoka wapi, inatumika kwa kazi gani, inakaa wapi, nani anaiona, itafutwa lini. Safu ya mwisho iache wazi kwa sasa.

Kisha fuata njia ya mteja tangu anapofungua tovuti hadi mzigo unapomfikia na hata baada ya hapo. Nunua kitu kwenye duka lako mwenyewe. Jaza fomu yako ya mawasiliano. Lalamika. Omba kurudishiwa pesa. Kila mahali ulipoandika kitu, au mfumo ulipochukua kitu bila wewe kuandika, ongeza mstari.

Safari hiyo itakupa nusu ya orodha. Nusu iliyobaki imejificha, na ndiyo inayoleta matatizo:

- Mazungumzo ya WhatsApp kwenye simu za wauzaji, yenye picha za risiti na ramani za nyumba za watu.
- Nakala za fomu ya mawasiliano. Fomu nyingi hutuma barua pepe na pia huhifadhi nakala kwenye hifadhidata ya tovuti, na mwenye tovuti hajui.
- Orodha za zamani za barua pepe zilizokusanywa kwa ajili ya shindano au ofa iliyokwisha.
- Hifadhi rudufu, yaani nakala za tahadhari za tovuti nzima, wakati mwingine za miaka.
- Kumbukumbu za seva, ambazo huandika anwani ya IP ya kila mgeni. Usiseme "hiyo ni namba tu": Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2016 kwamba hata anwani ya IP inayobadilikabadilika inaweza kuwa taarifa binafsi.

Taarifa nyeti zitie rangi tofauti: afya, dini, alama za vidole au sura, na chochote kinachohusu watoto. Sheria karibu zote huzipa masharti makali zaidi. Na taarifa nyeti hazitokani na fomu za hospitali peke yake. Duka linalouza dawa za kisukari lina taarifa za afya hata kama fomu yake inauliza jina na anwani tu.

Utajua umefaulu pale utakapompa jedwali mtu wa usafirishaji na mtu wa huduma kwa wateja, mmoja mmoja, ukawauliza "nini hakimo humu?" nao wakakosa cha kuongeza. Mara ya kwanza wataongeza, nakuhakikishia.

## Hatua ya 2: Pima tovuti inatuma nini, na kwa nani

Hatua hii huchukua dakika chache na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Matokeo yake ni sera zinazoapa kwamba "hatushiriki taarifa zako na mtu yeyote" huku ukurasa huohuo ukizituma kwa kampuni kadhaa.

Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, bonyeza F12, chagua kichupo cha Network, kisha pakia ukurasa wako wa mbele. Usibonyeze kitu kingine chochote. Soma majina ya vikoa (anwani za tovuti, kama mfano.com) yanayojitokeza: kila jina lisilo lako ni kampuni iliyopata angalau anwani ya IP ya mgeni wako. Kisha nenda Application kwenye Chrome, au Storage kwenye Firefox, uone vidakuzi (cookies, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari ili kumtambua mgeni) vilivyowekwa kabla mgeni hajakubali lolote.

Rudia kwenye ukurasa wa bidhaa, wa malipo na wa mawasiliano, kwa sababu kila mmoja una wageni wake wasioalikwa.

Utakaowakuta mara nyingi ni hawa: takwimu za wageni, pikseli za matangazo (vipande vya msimbo vinavyoiarifu kampuni ya matangazo mgeni anafanya nini), ramani, video zilizopachikwa, dirisha la gumzo, na fonti. Fonti huwashangaza watu. Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilimwamuru mwenye tovuti kumlipa mgeni fidia ya euro 100 kwa sababu ukurasa ulichukua fonti moja kwa moja kutoka seva za Google, na hivyo kuipa kampuni hiyo anwani ya IP ya mgeni bila ridhaa yake. Dawa ni rahisi: pakua faili za fonti uziweke kwenye seva yako. Kwa video za YouTube, tumia msimbo wa kupachika wenye kikoa cha youtube-nocookie.com.

Onyo: kuzima programu-jalizi (plugin, yaani nyongeza ya tovuti) hakuondoi msimbo uliobandikwa kwa mkono kwenye kichwa cha tovuti. Pikseli ya kampeni iliyokufa zamani inaweza kuwa inaendelea kutuma taarifa hadi leo.

Kama una programu ya simu, mwambie msanidi akuorodheshee maktaba zote (vifurushi vya msimbo) za watu wengine zilizomo. Fomu ya usalama wa data ya Google Play inakutaka utangaze hata zinazokusanywa na maktaba hizo, na jibu la "sikujua" halikubaliki.

Utajua umefaulu pale kila kikoa kigeni kitakapokuwa na mstari wake kwenye jedwali, au kimeondolewa.

## Hatua ya 3: Punguza

Pitia jedwali na kwa kila mstari uliza: tukiacha kuchukua hii, kazi gani itakwama? Kama hakuna, iondoe kwenye fomu na ufute zilizokwisha kukusanywa. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya kitambulisho huombwa na maduka mengi ambayo hayana kazi nazo.

Kadi za benki zina sharti lake: viwango vya usalama vya PCI DSS vinakataza kuhifadhi ile namba fupi ya uthibitisho baada ya malipo kuidhinishwa. Hata namba nzima ya kadi waachie wanaokuchakatia malipo. Taarifa usiyonayo haiwezi kuibiwa kwako.

Utajua umefaulu pale jedwali litakapokuwa fupi kuliko ulivyoanza. Lisipofupika, hukujiuliza kwa dhati.

## Hatua ya 4: Ipe kila taarifa sababu ya kisheria

GDPR inataja misingi sita. Biashara ya mtandaoni kwa kawaida hutumia minne:

- Mkataba: anwani ya kupeleka mzigo. Bila hiyo huwezi kutimiza ulichouza.
- Wajibu wa kisheria: ankara unazotakiwa kuzihifadhi kwa ajili ya kodi.
- Maslahi halali: kwa mfano kuzuia ulaghai, ilimradi maslahi yako hayakandamizi haki za mteja.
- Ridhaa: jarida la barua pepe, vidakuzi vya matangazo.

Kosa la kawaida ni kuomba ridhaa kwa kila kitu, kwa kudhani ndiyo salama zaidi. Ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote. Ukisema unahifadhi ankara kwa ridhaa, mteja akiiondoa utabaki kati ya ahadi yako na mamlaka ya kodi.

Pale ridhaa inapohitajika, iwe ya kweli. Kisanduku kiwe tupu hadi mteja mwenyewe akitie tiki: Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kisanduku kilichotiwa tiki mapema si ridhaa. Usiunganishe "nakubali masharti ya mauzo" na "nakubali kupokea matangazo" katika tiki moja. Hifadhi ushahidi pia: tarehe, na maneno yaleyale mteja aliyoyaona siku hiyo.

Kwa huduma zinazotumiwa na watoto, GDPR inaweka umri wa kutoa ridhaa mtandaoni kuwa miaka 16, na nchi wanachama zinaruhusiwa kuushusha hadi 13. Chini ya hapo ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi.

## Hatua ya 5: Wanaokusaidia, na siku za kufuta

Kampuni inayohifadhi tovuti yako, inayotuma barua pepe zako, msafirishaji, msanidi wa nje: hawa wanachakata taarifa kwa niaba yako, na mteja akiumia atakuja kwako. GDPR inataka uwe na mkataba wa maandishi na wachakataji wako. Kampuni kubwa huwa na mkataba huo tayari, aghalabu ndani ya mipangilio ya akaunti. Ukubali, pakua nakala, iweke kwenye folda moja. Kwa msanidi anayejitegemea, ukurasa mmoja unatosha kuanzia: atagusa taarifa zipi, kwa kazi gani, atazilinda vipi, atazifuta lini, na atakuarifu haraka kiasi gani zikivuja.

Andika pia seva ziko nchi gani, maana sheria nyingi huweka masharti taarifa zinapovuka mpaka. Hapa kuna kipimo kizuri cha kugundua sera ya kunakili: kama inataja Privacy Shield kuwa kinga ya taarifa zinazokwenda Marekani, imepitwa na wakati. Mpango huo ulibatilishwa na mahakama hiyohiyo ya Ulaya tarehe 16 Julai 2020, na mwingine ukachukua nafasi yake Julai 2023.

Sasa jaza ile safu iliyokuwa wazi. "Kadiri itakavyohitajika" si jibu. Weka muda unaoweza kuuhesabu na kuutekeleza: ujumbe wa fomu ya mawasiliano, labda miezi 12, ankara, muda unaotajwa na sheria ya kodi. Google Analytics 4 ya kawaida, zana ya takwimu za wageni, inakupa kuchagua miezi 2 au 14 kwa taarifa za matukio ya wageni. Ingia uchague badala ya kuacha ilivyokuja. Kisha weka ukumbusho kwenye kalenda, kwa sababu taarifa hazijifuti kwa kuandikwa kwenye jedwali.

Ukiwa humo ndani, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zote za msimamizi, na uondoe walioacha kazi.

## Hatua ya 6: Sasa andika

Ukifika hapa kuandika kunakuwa kunakili jedwali lako kwa sentensi kamili. Fuata mpangilio huu:

1. Ninyi ni nani, na anwani ya mawasiliano kuhusu faragha.
2. Taarifa mnazochukua, kazi yake na msingi wake wa kisheria, kwa pamoja katika kila kipengele.
3. Mnaompa, na nchi anakozihifadhi.
4. Muda wa kuhifadhi.
5. Haki za mteja na namna ya kuzitumia, pamoja na haki ya kulalamika kwa mamlaka.
6. Vidakuzi.
7. Tarehe ya toleo.

Msitenganishe taarifa na kazi yake. Sera nyingi hutoa orodha ndefu ya taarifa, kisha orodha nyingine ndefu ya matumizi, na msomaji hawezi kujua ipi inakwenda na ipi. Linganisha:

*Mbovu:* "Tunaweza kukusanya taarifa mbalimbali kwa lengo la kuboresha huduma zetu na kuzishiriki na washirika wetu wanaoaminika."

*Nzuri:* "Ukiagiza, tunachukua jina, namba ya simu na mahali pa kupeleka mzigo, ili tuweze kukufikishia. Msafirishaji wetu huviona vyote vitatu. Nakala aliyonayo hufutwa siku 30 baada ya mzigo kupokelewa."

Ya pili ni fupi, na mteja anaweza kukushika nayo. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini kama siku 30 hizo huzitekelezi, usiziandike, kwa sababu ahadi ya uongo katika sera ni kosa baya kuliko kukawia kuichapisha.

Futa ile aya ya kwanza inayosema "faragha yako ni muhimu sana kwetu". Haijamsaidia mteja yeyote. Andika kwa lugha ambayo duka lako linauzia: kama unauza kwa Kiswahili, sera iliyoko kwa Kiingereza peke yake haijamweleza mnunuzi chochote.

Weka kiungo chini ya kila ukurasa, kando ya kila fomu, na kwenye malipo. Kwa programu ya simu, Google Play inataka kiungo kinachofunguka kwa yeyote bila kizuizi cha nchi, kisicho PDF, na jina la programu au la mmiliki lionekane ndani ya sera. Sera nyingi za kunakili huangukia kwenye sharti hilo la jina.

Utajua umefaulu pale mtu asiye wa biashara yako ataisoma mara moja na kujibu: wanachukua nini nikinunua? Nani mwingine anaona? Nikitaka wafute nifanyeje?

## Hatua ya 7: Bango la vidakuzi lifanye kazi kweli

Vidakuzi vinavyoshikilia kikapu cha manunuzi au kumweka mteja ndani ya akaunti havihitaji ridhaa chini ya sheria za Ulaya. Vya matangazo vinaihitaji, na vya takwimu kwa kawaida pia, kabla havijawekwa.

Kitufe cha "Kataa" kiwe karibu na cha "Kubali", kwa ukubwa uleule. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa kulihitaji mibofyo mingi kuliko kukubali.

Halafu rudi kwenye F12. Bonyeza "Kataa", pakia ukurasa upya, angalia vidakuzi. Mabango mengi ni pambo: yanauliza, na huku nyuma kila kitu kilishapakiwa.

## Hatua ya 8: Jiandae kwa maombi na kwa uvujaji

Mteja akiomba nakala ya taarifa zake au azifutiwe, GDPR inakupa mwezi mmoja kumjibu. Kanuni za Kenya zinatoa siku saba kwa ombi la kuona taarifa, kwa hiyo ukijiwekea siku saba popote ulipo utakuwa salama zaidi. Thibitisha ni yeye bila kumdai mapya: ombi likitoka kwenye barua pepe aliyojiandikishia, kwa kawaida inatosha. Kumwomba picha ya kitambulisho ili umfute ni kuongeza taarifa nyeti kwenye ghala unalotaka kulipunguza.

WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, ina zana za kutoa na kufuta taarifa binafsi kwenye menyu ya Tools tangu toleo la 4.9.6 la Mei 2018, lakini haziyafikii mazungumzo ya WhatsApp wala jedwali la msafirishaji. Hapo tumia jedwali lako la hatua ya 1. Programu za iPhone zinazoruhusu kufungua akaunti zinatakiwa tangu Juni 2022 kuruhusu kuifuta humohumo ndani, na Google Play inataka pia kiungo cha wavuti. Kama lazima ubaki na kitu, mfano ankara, mwambie mteja ni kipi na kwa nini.

Uvujaji si wadukuzi pekee. Kutuma tangazo kwa wateja mia na anwani zote zikaonekana kwa kila mmoja ni uvujaji; simu ya muuzaji iliyopotea bila kufungwa nayo pia. GDPR na sheria ya Kenya zinatoa saa 72 kuiarifu mamlaka tangu ulipojua, pale panapokuwa na hatari kwa wahusika. Saa hizo huisha haraka, kwa hiyo andaa leo barua yenye nafasi za kujaza: nini kimetokea, lini, watu wangapi, taarifa zipi, mmefanya nini, nani wa kuwasiliana naye. Hata tukio dogo lisilohitaji kuripotiwa liandikwe kwenye daftari.

Utajua umefaulu pale utakapomtuma rafiki aombe taarifa zake kama mteja wa kawaida, na jibu kamili likamfikia bila wewe kuingilia kati.

## Hatua ya 9: Kila kinapoongezwa kitu

Programu-jalizi mpya, njia mpya ya malipo, kampeni mpya ya matangazo: rudia hatua ya 2 siku hiyohiyo, ongeza mstari kwenye jedwali, kisha rekebisha sera na tarehe yake. Hifadhi matoleo ya zamani, maana mteja wa mwaka jana alikubali maneno ya mwaka jana. Badiliko likiwa kubwa, kwa mfano kumpa mtu mpya taarifa zilizokusanywa kwa kazi nyingine, waandikie wateja kabla halijaanza, na pale ulipotegemea ridhaa, iombe upya.